Maji Yakijaa Tutakwenda Kua

Tulikaa mchangani Utende, kusini-mashariki mwa Kisiwa cha Mafia, kila mmoja ameegemea kayaki yake, tukisubiri maji. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Oktoba, kipindi cha tangambili: kusi imechoka na kaskazi haijaanza. Kiongozi wetu, mzee wa Chole aliyevua maisha yake yote kabla ya kuanza kupeleka wageni, alimaliza kuswali, akachomeka kijiti ukingoni mwa maji, akarudi kukaa. Baada ya kitambo akaenda kukitazama kwa tochi. Maji yalikuwa yamekipita kwa hatua tatu.

"Shikamoo mzee. Tuondoke?" aliuliza kijana mmoja wa kundi letu, aliyefika jana yake kwa ndege kutoka Dar es Salaam.

"Marahaba, mwanangu. Bado. Leo mwezi ishirini, maji yatajaa saa mbili na ushee. Tukitoka sasa tutakwama kwenye matumbawe. Saa kumi na mbili."

Hakuangalia simu. Hakuwa na jedwali la maji mfukoni. Baadaye nilimwomba anifundishe hesabu yake, akaniambia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata hesabu husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi kumi na tano ni saa kumi. Ongeza siku tano, unapata saa mbili na dakika kumi. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ndizo za bamvua, na hapo tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa huweza kufika mita tatu hata nne. Katikati yake ni maji mafu, bahari isiyotaka kwenda mbali.

Nimeanza na kijiti kile kwa sababu safari ya kayaki katika Ghuba ya Chole, kwa macho ya mtu aliyekwenda, huanzia hapo. Matangazo ya utalii huonyesha chombo chenye rangi ya machungwa juu ya maji ya samawati, na mtu anayecheka. Hayaonyeshi saa nzima ya kukaa mchangani. Wala hayaonyeshi Mlango wa Kinasi, upande wa mashariki, ambako ghuba yote hufunguka kwenda bahari kuu. Maji yanapokupwa, sehemu kubwa ya ghuba hutokea mlango huo. Yanakwenda polepole katika saa ya kwanza, halafu saa ya tatu na ya nne yanakimbia kuliko saa zote, kisha yanapoa tena. Mtu wa kawaida huendesha kayaki kilometa tano au sita kwa saa akiwa hajachoka. Siku za bamvua mkondo wa Kinasi unaweza kuumeza mwendo huo wote, naye akajikuta anapiga kafi kwa bidii huku anarudi kinyumenyume kuelekea mahali ambapo nchi inayofuata iko mbali sana. Kwa hiyo mzee alipotupanga mchangani kabla ya kuondoka, alikagua jaketi okozi moja moja, akavuta kamba za kila mtu kwa mkono wake, akatuonyesha Kinasi kwa kidole. "Kule hatuendi," alisema. Hakueleza zaidi, na hapakuwa na haja.

Kayaki ni chombo cha watu wa Aktiki. Wawindaji wa Greenland na wenzao wa kaskazini ya mbali walikiunda kwa kiunzi cha mbao au mifupa kilichovikwa ngozi ya sili, na kila kimoja kilipimwa kwa mwili wa mwenyewe. Walikitumia kuwaendea wanyama wa baharini kimyakimya. Leo hutengenezwa kwa plastiki au nyuzi za kioo. Za masafa marefu hufika urefu wa mita tano na upana wa sentimita sitini tu. Katika bahari za joto wengi hutumia zile za wazi, ambazo mtu huketi juu yake, na akipinduka hurudi bila kuhangaika kutoka ndani. Kafi lake lina jani kila upande. Na jambo ambalo kila anayeanza hulikosea ni kulivuta kwa mikono. Mzee alinitazama nikihangaika dakika kumi, akaja ubavuni. "Mikono itakufa kabla hatujafika Chole. Zungusha kiuno. Mikono ishike tu." Nilipomtii, chombo kilinyooka kama kilikuwa kinasubiri kuambiwa.

Yeye alijifunza kafi katika mtumbwi wa baba yake, kafi la jani moja, akiwa mtoto wa kukaa omo. Hapo ndipo chombo cha kigeni kinapokutana na cha kwetu. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka elfu mbili iliyopita, kinataja kisiwa cha pwani hii kiitwacho Menouthias, chenye majahazi ya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, ambayo watu waliitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa, na kinaeleza jinsi walivyotega samaki kwa vikapu kwenye milango ya maji. Wataalamu hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini siku ile tulipopita karibu na dema lililokuwa limezamishwa kwa mawe kwenye ukingo wa fungu, sikuhitaji mtaalamu kuniambia kwamba mtu yule wa kale angelitambua mara moja.

Tulivuka kwenda Chole, mwendo wa kama kilometa moja, tukakata kusini kati ya visiwa vya Chole na Juani. Hapo mikoko hukaribiana. Maji yalikuwa yanaingia nasi, yanatusukuma mgongoni, na mzee akatuambia tuache kupiga kafi kabisa. Tukaenda hivyo, tumekaa tu, tunapita katikati ya miti. Mlilana ndio uliotangulia upande wa bahari, mizizi yake ya kupumulia ikichomoza topeni kama vidole. Nyuma yake mikoko yenyewe iliyosimama kwa miguu mingi. Ndani zaidi msinzi na mkandaa. Mdiria mmoja alikuwa anaruka tawi kwa tawi mbele yetu, kila tukimkaribia anasogea, hadi mwisho wa mkondo. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wamekwisha kuingia mashimoni kwa sababu ya maji. Kasa mmoja alitoa kichwa, akavuta pumzi yenye sauti ya mtu anayeshtuka usingizini, akatuona, akazama. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa katika maisha yangu, na sikuwa nimefanya lolote ila kunyamaza.

Miaka michache nyuma, mahali pengine pa pwani yetu, nilipanda boti ya injini kwenda kuona pomboo. Zilikuwa boti sita. Pomboo walipotokea, zote zilikimbilia pale, mbele yao na nyuma yao, watu wakarushwa majini kama mizigo, na wanyama wale waliokuwa wakicheza wakazama na kuibukia mbali. Tukawafuata tena. Nilishuka nikiwa nimewaona pomboo na nina aibu. Ndiyo maana nilipoanza kusikia kwamba kuna watu wanaopeleka wageni kwa kafi nilitaka kuamini kwamba kayaki peke yake ni dawa.

Siyo peke yake. Hilo nalo nilifundishwa siku ile, kwenye fungu la mchanga lililokuwa linabaki kidogo juu ya maji. Palikuwa na ndege wengi wadogo wa kahawia, wamesongamana, wote wametazama upande mmoja. Nilielekeza chombo kwao. Mzee alinizuia kwa kafi lake, akaliweka juu ya omo ya kayaki yangu. Injini, alisema, ndege huisikia mapema na wana muda wa kuamua. Chombo hiki hakisikiki. Kikitokea ghafla karibu, wanaruka wote. Na wakati huu wa maji kujaa hawana pengine pa kutua, kwa kuwa kila fungu limefunikwa. Baadhi ya ndege hao wametoka Siberia, wamevuka bara zima kufika kwenye tope hili la Mafia na delta ya Rufiji, eneo ambalo pamoja na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Walikuja kula wapate mafuta ya kurudi nayo. Kuwarusha bure ni kuwachomea akiba yao. Tukazunguka mbali, na walibaki wamesimama.

Kua tulifika maji yakikaribia kujaa, na hiyo ndiyo saa ya kufika, kwa sababu maji yakikupwa chombo hakisogei huko bila kuburutwa. Ni mji uliokufa, upande wa magharibi wa Juani: misikiti, makaburi, kuta za nyumba kubwa, zote za mawe ya matumbawe na chokaa, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta kiasi kwamba hujui kipi kinamshikilia mwenzake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kutoka Madagaska, wakaupiga, wakachukua watu. Walikuja kwa mitumbwi yenye mirengu, jamaa wa ngalawa zetu. Mrengu wenyewe, ule mti wa pembeni unaokizuia chombo kisipinduke, uliletwa katika bahari hii na mabaharia wa upande wa Indonesia zamani sana. Nilikaa kwenye ngazi iliyobomoka nikaiwaza safari ya Wasakalava hao, kafi baada ya kafi, tanga likishika panapowezekana. Bahari iliyokuwa barabara ya samaki na harusi na biashara ya nguo ilikuwa pia barabara ya uvamizi huo. Juani pia kuna pango la Ukunju, alikochimba Profesa Felix Chami na kupata ushahidi kwamba watu waliishi na kufanya biashara hapa karne nyingi kabla ya kuta za Kua kusimama.

Upande wa pili wa Juani, unaotazama bahari kuu, kasa wa kijani hupanda kutaga. Mayai hukaa mchangani kama siku 55 hadi 60, na wengi huanguliwa kati ya Juni na Septemba, kwa hiyo sisi tulichelewa. Mwaka 2001 ulianza mradi wa kulinda kasa na nguva Mafia, ambao baadaye ukawa shirika la Sea Sense. Njia yake ni nyepesi kueleza na nzito kufanya: watu wa vijiji hivihivi hulinda viota, huhamisha vile vilivyotagwa mahali ambapo mawimbi yatavifikia, na mgeni anayekuja kutazama vifaranga vikitambaa kwenda majini hulipa, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Kasa aliyekuwa nyama sasa ana faida akiwa hai. Nguva sikumwona, wala sikutegemea. Anakula nyasi za bahari kama kasa, huzaa mtoto mmoja mmoja baada ya miaka, na jarife humnasa akashindwa kuja juu kupumua. Eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo moja ya maficho yake ya mwisho katika maji ya Tanzania. Mzee alimwona alipokuwa kijana. Alipolisema hilo aliacha kupiga kafi.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina kilometa za mraba 822. Ndani yake kuna vijiji. Watu hawakuhamishwa kama ilivyofanyika katika hifadhi nyingine za wanyama. Kuna sehemu zisizovuliwa kabisa na sehemu zinazovuliwa kwa masharti. Wavuvi walilipa gharama ya masharti hayo kabla ya kuona faida yoyote, na baruti iliyokuwa ikipasua matumbawe katika maji haya haikukomeshwa kwa karatasi tu.

Ninalotaka kusema liko hapa. Mgeni anapolipia safari ya kayaki anadhani analipia chombo, chakula cha mchana na wanyama. Chombo ni plastiki. Wanyama hawana mwenye kuwauza. Alicholipia ni mtu anayejua kwamba leo ni mwezi ishirini. Anayejua fungu lipi hubaki wazi na kwa muda gani. Anayesikia upepo ukigeuka shingoni kabla haujaonekana juu ya maji. Elimu hiyo haikutoka katika kozi ya wiki mbili. Ilikusanywa na baba zake katika mitumbwi, na wengi wao walikufa wakihesabiwa kuwa watu wasiosoma. Nimeona pwani kadhaa ambako kijana mwenye Kiingereza kizuri huongoza na kulipwa vizuri, na mvuvi mzee hupewa ujira wa kubeba vyombo hadi majini. Kijana ana kazi yake na ninaitambua: anaeleza, anatafsiri, anajua kumrudisha juu mtu aliyepinduka, anajua huduma ya kwanza. Lakini siku upepo ukichafuka ni yupi kati yao atakayewarudisha nyumbani? Malipo yafuate jibu hilo. Na iwepo njia ya kumpa mzee kama huyu cheti cha uongozaji baharini kwa kumpima majini, kwa lugha yake, juu ya mambo anayoyajua.

Siku mbili kabla ya Kua tulikuwa upande wa magharibi, Kilindoni, kutafuta papa potwe. Kati ya Oktoba na Machi hukaribia pwani hapo kula uduvi na vitu vidogo vya majini, na wavuvi wa dagaa hutupa nyavu palepale, kwa kuwa mvuvi na potwe wanafuata chakula kimoja. Huko Kenya wengine humwita papa shilingi, na kisa chake ni kwamba Mungu alipomwona jinsi alivyopendeza aliwapa malaika sarafu wazimwage juu ya mgongo wake. Madoa hayo hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine, na watafiti huwatambua kwa picha. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huondoka Mafia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye miili yao, ulionyesha kwamba wengi hawaendi mbali: hushuka chini zaidi, wasionekane. Tangu 2016 wamewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Kwa kayaki, potwe haonekani kwanza. Huonekana uduvi ukirukaruka juu ya maji kama mvua inayonyesha kwenda juu. Tuliweka makafi mapajani. Akapita chini yetu, mrefu kuliko kayaki yangu, na hata yangu na ya jirani zikiunganishwa hazikumzidi kwa mengi, mdomo wazi, hana haraka wala habari nasi. Hakuna aliyeshuka. Hatukusimama mbele yake. Aligeuka mara moja, akala, akaondoka, na mkia wake ulipopita chini ya chombo changu nilihisi maji yakininyanyua kidogo.

Tukiwa Kua, kijana wa Dar aliuliza kwa nini safari hizi zisivuke hadi delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Mzee alicheka. Kule kuna viboko na mamba, na mikono ya mto inafanana yote. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo tangu Septemba 1914 hadi Julai 1915, na Waingereza walioizingira walilazimika kurusha ndege kutoka Mafia ili waione na kuwaelekeza wapiga mizinga wao. Kama meli ndefu zaidi ya mita mia moja ilifichika, mtu mmoja katika kayaki atapatikana vipi?

Tuliondoka Kua kabla ya saa nne, maji yakiwa yameanza kugeuka, tukashinda Chole chini ya miembe hadi jioni. Chole ilikuwa makao ya utawala wa kisiwa wakati wa Wajerumani kabla hayajahamia Kilindoni, na magofu yake yamo njiani. Lakini watu huenda kwa ajili ya popo. Ni wale wakubwa wanaokula matunda, ambao ndugu zao wako Komoro, na wanakijiji wamewaachia miti yao ya kulala. Jua lilipotua tulikuwa majini tena, katikati ya Chole na Utende, maji yanajaa polepole chini yetu. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kisha makundi, wakielekea Mafia kwenye miembe na mikorosho. Wachache walishuka hadi matumbo yakagusa bahari, wakapanda tena. Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia mabawa.

Tulipogusa mchanga wa Utende giza lilikuwa limetanda, na kijiti cha alfajiri kilikuwa tena chini ya maji. Tulibeba vyombo juu. Magharibi ilikwisha kuingia, kwa hiyo kwa hesabu ya mzee siku ilikuwa imebadilika.

"Sasa ni mwezi ishirini na moja," akaniambia akikunja kamba. "Kesho maji saa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole, gizani, tangu mwezi kumi na tano.

"Saa tatu, mzee."

"Basi kalale kidogo. Tuonane saa kumi na mbili na nusu."